Kompyuta ya Mwandishi wa Kabanga

Nyantakara, Biharamulo
11 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako la kushoto limekubali kufanya amani na vilima vya huko. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Shule imechangamka. Kidato cha kwanza wameingia wengi mpaka wengine wanabanana watatu kwenye dawati moja, na mvua inanyesha vizuri.

Mama, Jovitus dereva wa hiace alinipa salamu zako, akanipa na habari za msiba: kompyuta yako mpakato imekata roho. Pole sana. Najua ndiyo iliyokuwa jembe lako la kuandikia watu barua. Lakini usihangaike, nilikuwa naweka akiba kidogokidogo, na Jumamosi nilikwenda Biharamulo mjini kukuangalizia nyingine. Mpakato sitaki tena. Ile ya kwanza ilivunjika shingo, hii ya pili herufi zake zilikufa moja baada ya nyingine, tena macho yako yanataka kioo kikubwa.

Muuzaji alinionyesha aina mbili. Ya kwanza wanaiita ol-in-wan. Mama, nilisimama mbele yake nikasahau nilichotumwa! Unachoona ni kioo kitupu, kipana kama dirisha la sakristia, na mashine yote imefichwa mgongoni mwake. Spika humo humo, kamera humo humo. Waya ni mmoja tu, wa umeme. Unaiweka mezani, unaiwasha, basi. Ya pili ni desktopu ndogo. Sipiyu yake ni kiboksi cheusi, si kikubwa kuliko kitabu cha misale, lakini kioo ujitafutie, kibodi ujitafutie, na waya zinatoka kila upande. Muuzaji anasema kwa nguvu zinalingana. Moyo wangu umekwenda kwenye ile ya kwanza, ila mtumiaji ni wewe. Niambie.

Na ombi langu la Krismasi bado lipo pale pale. Chumba chako hapa kwangu nimekipaka rangi. Ukitaka kuandika, uandikie sebuleni kwa raha zako. Mtu wa miaka sitini na sita hana sababu ya kula vumbi la malori pale mpakani.

Mwanao,
Agness


Kabanga, Ngara
18 Februari 2024

Mwanangu Agness,

Marahaba, mama. Mimi ni mzima. Goti linalalamika wakati wa kupanda, wakati wa kushuka linanyamaza, kwa hiyo nalisikiliza nusu siku tu. Mbuzi amezaa mapacha. Maharage ya bondeni yametoa maua. Mukandayisenga, huyu jirani yangu wa kibanda anayeuza vitenge, anakusalimu na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia akuandikie mwenyewe.

Utasema kwa nini sikupiga simu. Simu nimeiachia salamu na misiba. Jambo la kufikiri huandikwa, na mimi nimekaa na barua yako siku tatu.

Sasa nikuulize, Mwalimu, maana kuuliza si ujinga. Hiyo ya kioo kitupu ina uzito gani? Inaachana vipande viwili? Kioo kikipasuka, mashine inabaki hai au vyote vinazikwa kaburi moja? Nimemuuliza na Derick, fundi wa Ngara mjini. Anasema ile ndogo anaijua ndani na nje, kikifa kitu kimoja anatoa kimoja anaweka kimoja. Hiyo nyingine hajawahi kuifungua, na alivyoitaja alishusha sauti. Kwa mimi nisiyeziona, ile ndogo ndiyo imenikaa moyoni. Kioo ninacho, kile cha zamani nilichopewa parokiani walipobadilisha vyombo vyao. Kina sura mbaya lakini kinaonyesha.

Hata hivyo mnunuzi ni wewe, na wewe ndiye uliyesoma. Chagua, mama. Utakachochagua nitakipokea kwa mikono miwili.

Habari ya kuja kukaa, tutaongea.

Mama yako,
Marsiana


Nyantakara
3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na goti lako? Huku kwema kabisa, isipokuwa mafua kidogo.

Umesema nichague, nami nimechagua. Anayekuletea barua hii ni Jovitus, na aliyekaa kiti cha mbele pembeni yake, amefungwa mkanda kama abiria, ni kompyuta yako! Ndiyo, ile ya kioo kitupu. Nilijaribu kuiangalia tena ile ndogo kwa jicho lako, Mama, lakini nikaona hapana. Umeandikia watu miaka thelathini na mitano, kwanza kwa taipu, halafu kwa hizi mpakato zilizokwisha tumiwa na wengine. Safari hii nawe upate kitu kipya, kizuri, ambacho mtu akipita anageuza shingo.

Nilipoileta hapa kwanza walimu walikuja kuitazama. Mwalimu Gidioni, yule wa jiografia anayejua bei ya kila kitu, alizunguka meza mara mbili akasema mama yangu sasa ana ofisi kama ya wilaya. Nilifurahi, sikufichi.

Kwa kuwa radi za huko nazijua, nimekununulia na kifaa cha kukinga umeme, kimo kwenye boksi. Kuhusu uzito usiwe na wasiwasi, hii si kitu cha kubebwa. Ukishaiweka mezani imekaa.

Mwanao anayekupenda,
Agness


Kabanga
9 Machi 2024

Agness mwanangu,

Marahaba, na pole na mafua. Kunywa tangawizi, uache soda.

Nimeiona. Mwanangu, nimeiona! Jovitus aliishusha kama anashusha mgonjwa, akaibeba yeye mwenyewe mpaka nyumbani, hakuniruhusu hata kushika kamba ya boksi. Tuliiweka kwenye meza ya baba yako Idefonsi, Mungu amrehemu, na ilipowaka Mukandayisenga aliinama, akajiona humo kwenye kioo, akafungua kilemba akakifunga upya. Majirani wamekuja siku mbili mfululizo. Katekista alitaka kujua kama inaonyesha misa. Nikamwambia inaonyesha, lakini sadaka lazima apeleke mwenyewe.

Herufi zinaonekana hata nikivua miwani. Rangi zake ni za kweli, ukiona jani ni jani. Haina kelele, haina joto, haina waya wa kujikwaa. Nimeifunika kitambaa changu cha kufuma, kile cha jubilei, kwa sababu kitambaa kingine chochote naona ni kuionea.

Umenipa heshima, mama. Wazazi wengi hapa wana watoto wenye uwezo kuliko wewe, na hawajawahi kufikiriwa hivi. Mungu akuzidishie pale ulipopunguza.

Mama yako,
Marsiana


Nyantakara
24 Machi 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako ofisini mpaka kengele ikalia, nikaingia darasani nikiwa bado natabasamu. Wanafunzi wakadhani wamefaulu.

Pasaka sitaweza kuja, tuna mitihani ya kusahihisha. Lakini nina hamu ya kujua kazi inakwendaje. Mikataba ya mashamba bado wanakuletea wewe? Na barua za kuombea vyeti vya kuzaliwa? Nimeshakuona kichwani, umekaa mbele ya kile kioo na watu wamepanga foleni hadi kwa Mukandayisenga. Barua yako ijayo uniandikie kwa kompyuta, niibandike ukutani.

Mwanao,
Agness


Kabanga
20 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Samahani nimekawia kujibu. Sisi ni wazima, mbuzi wanaruka, mvua imekata daraja la bondeni lakini watu wameweka magogo.

Kompyuta ni nzima, haijashika vumbi hata chembe. Kazi ipo ya kiasi. Barua ya mwanangu siwezi kuipiga chapa, utadhani nakuita mahakamani.

Ubaki salama.

Mama yako,
Marsiana


Nyantakara
12 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, unisamehe. Nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

Jovitus amenieleza. Alikuja kibandani kwako Jumatano aandikiwe barua ya kuomba leseni ya njia ya hiace yake, akakukuta na kalamu na karatasi za kaboni. Akasema uliiandika vizuri sana, mistari imenyooka, lakini ofisini wakaikataa, wanataka iliyopigwa chapa. Ikabidi aende kwa wale vijana wa steshenari mpya upande wa pili wa barabara. Anasema watu wako wengi sasa wanakwenda huko. Wanapita mbele yako wanakusalimu, kisha wanavuka. Nilimuuliza kompyuta iko wapi. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, ile iko nyumbani kwa mama, chini ya kitambaa. Tangu nilipoiweka haijatoka."

Ndipo nikakumbuka, na nilipokumbuka nilikaa chini. Kibanda chako ni cha mbao na kufuli moja. Pale mpakani hakuna anayelaza mali. Saa kumi na moja kila mtu anafunga mzigo wake na kuupandisha mlimani, asubuhi anashuka nao. Mimi mwenyewe nimekua nikikupandishia taipu yako kichwani kila nikitoka shuleni, halafu mimi huyo huyo nikakuandikia eti hii si kitu cha kubebwa! Mtu mwingine angekosea hivyo ningemsamehe. Mtoto wa Kabanga akosee hivyo?

Lakini na wewe, Mama, miezi miwili! Kwa nini hukuniambia? Uliisifu mpaka nikalia.

Na kuna jambo lazima nilitoe. Sikuinunua kwa ajili ya kazi yako. Niliinunua kwa ajili ya sebule yangu. Nilijua pale kibandani haitafaa, au nilikataa kujua, nikadhani ukikosa pa kuiweka utafunga kibanda uje nayo kwangu, na watu wakiniuliza mama yako yuko wapi niseme yupo nyumbani anapumzika. Nilikuwa naona haya, Mama. Wenzangu wana mama wastaafu, wauguzi, wenye maduka. Mimi wangu anakaa kwenye kigoda mpakani anaandikia watu barua. Nimeandika, sasa umejua.

Agness


Kabanga
16 Mei 2024

Mwanangu Agness,

Marahaba. Umesahau kuniuliza goti. Halijambo.

Kwanza kompyuta. Zawadi ya mtoto haikataliwi, hilo unalijua, na haisemwi vibaya hata kwa jirani. Ningekuambia haifai ungesikia kwamba wewe hufai. Nami sikukudanganya popote. Soma barua zangu tena. Niliisifu kwa uzuri wake, na uzuri huo inao. Jumapili nikitoka kanisani naifunua, naitazama kidogo, naifunika.

Nilijaribu kuibeba, ujue. Siku ya tatu niliifunga mgongoni kwa kitenge kama nilivyokubeba wewe, Mukandayisenga akashika kwa nyuma, tukaanza kushuka. Mtu akatuuliza mtoto ana miezi mingapi. Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye majani, na nilipokaa nikawaza: nikiteleza, ni jasho lote la mwanangu kwenye jiwe moja. Tukaipandisha tena.

Sasa lile la haya. Nilijua, mama. Siku ya mahafali yako ulinitambulisha kwa wenzako ukasema, "Mama yangu ni mkulima." Si uongo, ninalima. Iliniuma, ikapita, lakini huwa inarudi. Nimefurahi umeisema mwenyewe kabla sijafa. Mtu anayeweza kuandika barua kama yako simdai kitu.

Ila unisikie vizuri, maana nimefika mahali pa kusema. Sijachoka. Kuona watu wangu wanavuka barabara kwenda kwa wale vijana ndiko kunakonichosha. Vijana wanapiga chapa haraka, siwasemi vibaya. Lakini hawamwulizi mtu kitu. Anakuja bibi hajui hata pa kuanzia, wanampigia barua ya mtu mwingine wanabadilisha jina. Ukinipeleka Nyantakara nikae sebuleni, nitakuwa na kioo kikubwa na sina wa kumwandikia. Nikikosa kazi hii, Agness, nitazeeka ndani ya mwezi mmoja.

Ukija likizo njoo na viatu vya matope.

Mama yako,
Marsiana


Nyantakara
7 Julai 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na goti, na mbuzi wote, na Mukandayisenga aliyenifunga vitenge vitatu kwa nguvu. Nilifika salama. Ile kompyuta kubwa nayo ilifika salama, ikiwa kwenye kiti cha mbele kama ilivyokwenda. Sasa iko kwenye meza ya ofisi ya walimu, nyuma ya mlango wa chuma na mlinzi, na jinsi inavyofaa pale utadhani ilizaliwa pale. Tunapangia matokeo, watu sita wanasoma kioo kimoja bila kusukumana. Haikuwa mashine mbaya, Mama. Ni mimi niliyeipeleka pasipo pake.

Jovitus ananiambia ile ndogo niliyokuletea likizo badala yake inapanda na kushuka nawe kwenye kikapu, juu yake umeweka ndizi, na hakuna mwizi anayejua. Anasema kioo cha parokia umekifunga kwa mnyororo na kimezidi kuwa na sura mbaya. Anasema na foleni imerudi upande wako.

Kuna jambo sikukuambia nilipokuwa huko, kwa sababu ulikuwa na watu. Unamkumbuka yule mzee Marcel wa Kasulo, aliyekuja Alhamisi kuandikiwa wasifu wa mkewe wa kusomwa kwenye arobaini? Nilikuwa nimekaa kwenye gunia nyuma yako, namenya karanga. Ulimuuliza marehemu alizaliwa wapi, akasema. Ulimuuliza watoto wangapi, akasema. Halafu ukamuuliza, "Alikuwa anacheka na nini?" Mzee akageuka akatazama barabara. Watu wanne walikuwa wanasubiri, mmoja dereva wa lori anagonga saa yake. Mimi mwenyewe moyoni nilisema, Mama, andika tu kwamba alikuwa mchangamfu, twende. Wewe ulitoa mikono kwenye kibodi ukaiweka mapajani. Ukakaa. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Dereva akaacha kugonga saa.

Ndipo mzee akasema, "Alikuwa ananicheka mimi nikiimba." Akaanza kusimulia, na wewe ukaandika, hukumkatiza hata mara moja. Ulipomaliza ukamsomea yote kwa sauti, pole pole, ukamuuliza kama kawaida yako, "Ndivyo ulivyosema?" Akavua kofia. Akasema, "Ndivyo. Ndiye huyo." Yule dereva wa lori alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati na anajifanya ni vumbi.

Mama, nimefundisha Kiswahili miaka saba. Nawaambia watoto maana ya wasifu, nawapa na mfano ubaoni. Sijawahi kumfundisha mtu kusubiri vile, kwa sababu sikujua kwamba hiyo nayo ni sehemu ya kuandika. Nilikuwa na mwalimu nyumbani tangu nizaliwe, nikawa natafuta namna ya kumficha sebuleni. Nisamehe. Najua umeshanisamehe, lakini nisamehe tena kwa hili ambalo nilikuwa silijui.

Chumba chako kitabaki na rangi yake. Ni cha kufikia ukija kunitembelea, siku tano au wiki, halafu urudi kwa watu wako. Sikuombi tena uhame.

Jumatatu, shule ilipofunguliwa, tulikuwa ofisini tunaandika ratiba. Mwalimu Gidioni akaishika ile kompyuta, akauliza, "Hivi mama alikataaje kitu kama hiki? Kwani hasa anafanya kazi gani?"

Nikamwambia, "Mama yangu ni mwandishi, pale mpakani Kabanga." Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni, akauliza nimesema nini. Nikaacha kalamu, nikasimama, nikamwambia na yeye.

Mwanao,
Agness